Mbwa Wangu Hakumng'ata Paa, Mbona Paa Alikufa?

Shikamoo Mshauri,

Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na sikudhani kwamba ipo siku ningeketi kukuandikia mambo ya nyumbani kwangu mwenyewe. Jambo hili limeninyima usingizi kwa majuma mawili sasa, na limezua mabishano kati yangu na mume wangu ambayo hayajakwisha hadi leo.

Tunaye mbwa dume wa miaka miwili, anaitwa Tomi. Ni mpole, hagusi chakula chake mpaka aruhusiwe, na hajapata kumng'ata mtu. Kila Jumamosi alfajiri mimi na binti yangu mwenye umri wa miaka tisa humpeleka katika bustani ya umma yenye bwawa, vichaka na nyasi ndefu, ambamo huishi bata wa mwituni, sungura na kikundi kidogo cha paa. Langoni pana kibao kinachoagiza mbwa wote wafungwe kamba, lakini wengi wetu huwafungua mara tu tunapolipita lango, na mimi nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu Tomi huja kila ninapomwita.

Jumamosi ile paa jike aliibuka kichakani, kiasi cha hatua ishirini mbele yetu. Nilimwona Tomi akisimama ghafla, shingo imenyooka, mkia umekakamaa, mguu mmoja wa mbele ameukunja hewani. Nikamwita. Hakutikisa hata sikio. Kabla sijamwita mara ya pili walikuwa wameshatoweka wote wawili, na tukabaki tukisikia vichaka vikivunjika upande huu, kisha upande ule, kisha kimya. Baada ya dakika kumi hivi Tomi alirudi peke yake, ulimi nje, amelowa umande hadi tumboni, akajitupa miguuni pangu kwa furaha. Nilimfunua mdomo nikamkagua. Hapakuwa na damu wala unywele wa mnyama. Nikamshukuru Mungu, nikaona yamepita.

Juma lililofuata mlinzi wa bustani alituita kando. Alisema yule paa alionekana jioni ile ile amesimama karibu na uzio, anatetemeka, miguu ya nyuma imekaza kama mbao, na asubuhi yake wakamkuta amekufa bila jeraha lolote. Kwa maneno yake, kilichomuua ni mbio. Mume wangu haamini hata kidogo. Anasema mnyama wa porini hawezi kufa kwa kukimbia, kwani kukimbia ndiyo maisha yake, na kwamba kumfunga mbwa kamba kila siku ni kumtesa. Binti yangu naye ananiuliza kila usiku kama Tomi ni muuaji, nami sina jibu la kumpa.

Je, mlinzi alisema kweli? Na je, tumfunge Tomi maisha yake yote, au ipo namna ya kumfundisha?

Mama Mwenye Majuto

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kabla ya jambo lingine lolote nataka kukuambia kwamba mlinzi hakukutisha bure. Sikumwona paa huyo, na bila daktari wa mifugo kuuchunguza mzoga hakuna awezaye kuapa, lakini kutetemeka, miguu ya nyuma kukaza na kifo kinachokuja saa nyingi baadaye bila jeraha ni dalili ambazo watu wanaofanya kazi na wanyamapori wanazifahamu vizuri sana.

Mnyama wa jamii ya paa, swala au kulungu anapokimbizwa kwa muda mrefu huku amejaa hofu, misuli yake hufanya kazi kuliko hewa inayoifikia, asidi hujikusanya ndani yake, na joto la mwili hupanda kupita kiasi. Nyuzi za misuli huanza kufa na kumwaga vilivyomo ndani yake katika damu. Vitu hivyo vikifika kwenye figo huziziba, na vingine huvuruga mapigo ya moyo. Mnyama anaweza kuanguka pale pale, au akasimama akaonekana amepona, kisha akafa baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa. Ndiyo maana madaktari wanaokamata wanyamapori kwa ajili ya matibabu au kuwahamisha hujitahidi mbio zisizidi dakika chache, na wakiona mnyama amechoka mno huacha kumfuata. Wataalamu hao wana dawa na vifaa, na bado wanaziogopa mbio. Tomi alimfuata yule paa kwa dakika kumi.

Hoja ya mume wako naielewa, na watu wengi wenye akili timamu huamini kama yeye. Ni kweli kwamba mnyama wa porini huishi kwa kukimbia. Lakini mwindaji wa porini naye ana hesabu zake: anajua kwamba nguvu anazozitumia ni chakula alichokwisha kula, kwa hiyo asipomkamata mnyama upesi humwacha na kwenda kujipumzisha. Mbwa wa nyumbani hana hesabu hiyo. Amekula jana, atakula leo, bakuli lake linamngoja, na hakuna gharama yoyote inayomlazimisha kukata tamaa mapema. Kwa hiyo yule paa hakukutana na mwindaji wa aina aliyozaliwa kumkimbia, bali alikutana na mwindaji aliyeshiba, mwenye afya nzuri na asiye na haraka ya kurudi, na mambo hayo mawili hayafanani hata kama kwa macho yote ni mbio.

Sasa nije kwa Tomi, kwa sababu naona katika barua yako maumivu ya mtu anayedhani mbwa wake amemsaliti. Ulieleza alivyosimama, shingo imenyooka na mguu umekunjwa hewani, na nilipofika hapo nilitamani ningekuwepo nikushike mkono, maana hapo ndipo pote palipoharibikia na hapo ndipo pote patakapotengenezeka. Uwindaji wa mbwa huja kwa hatua zinazofuatana: kunusa au kuona, kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kuua. Katika kuwafuga mbwa binadamu alizipunguza hatua za mwisho kwa mbwa wengi na kuzikuza zile za mwanzo kwa baadhi yao, na ndiyo maana mbwa anayechunga kondoo huwakodolea macho na kuwazunguka bila kuwararua. Lakini hatua ya kukimbiza imebaki ndani ya takriban kila mbwa, mpole na mkali, mdogo na mkubwa. Tena kukimbiza kwenyewe kunampa mbwa raha, awe amekamata au hakukamata. Kwa hiyo Tomi aliporudi mikono mitupu, kama tusemavyo, kwa upande wake hakuwa amekosa kitu; alikuwa amekwisha kulipwa.

Hapo ndipo utaona kwa nini sauti yako haikumfikia. Kumwita mbwa anayenusa nyasi ni jambo moja, na kumwita mbwa ambaye mwili wake mzima umeshaingia katika mbio ni jambo jingine kabisa. Mbwa wengi mno ambao wenye nao husema huja kila wanapoitwa hawajawahi kuitwa mbele ya mnyama anayekimbia, na mara ya kwanza ya kujaribiwa ndiyo hiyo ambayo mnyama hulipa kwa maisha yake. Na kila mbio anazofanikiwa kuzianza humfundisha Tomi kwamba bustanini kuna raha kubwa kuliko zote ulizowahi kumpa. Kwa sababu hiyo kamba ndiyo inayotangulia, na mafunzo hufuata huku kamba ingali mkononi. Wanaosema watamfundisha kwanza kisha wataona kama kamba inahitajika wamelipindua jambo lenyewe.

Kamba iwe fupi na imara, mita mbili au pungufu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2000 inayowaruhusu watu kutembea katika milima na nyika zilizofunguliwa kwa umma, mwenye mbwa hutakiwa kumfunga kwa kamba isiyozidi mita mbili kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, kipindi ambacho ndege wengi wa huko hutaga chini. Katika hifadhi za taifa za Marekani kipimo ni futi sita, ambazo hazifiki mita mbili, na huko sharti hilo halina msimu. Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio sizipendi kwa kazi hii: uzi wake mwembamba unaweza kukata vidole, na kwa kuwa huongezeka kila mbwa anapovuta, humfundisha kwamba kuvuta kunalipa. Kama ndiyo uliyonayo, ifunge ikiwa fupi na usiifungue ukiwa bustanini.

Lakini kamba peke yake haikufanyi uwe umemaliza wajibu wako, na hapa naomba mume wako asome nawe. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika misitu ya pembezoni mwa Sydney, Australia, ambapo mbwa walipitishwa njiani wakiwa wamefungwa kamba, kisha ndege wakahesabiwa. Aina za ndege walioonekana zilipungua kwa asilimia 35, na idadi yao kwa asilimia 41. Hakuna mbwa aliyemkimbiza ndege hata mmoja. Harufu na umbo la mbwa vilitosha kuwafanya waondoke au wanyamaze. Ndege aliyekaa juu ya mayai akiinuka kwa hofu, mayai hupoa au hupigwa na jua, na kunguru hahitaji zaidi ya dakika moja kuyala. Kwa hiyo shika njia kuu, usikate kona kupitia nyasi ndefu, na kingo za bwawa ziache, hasa pale penye matete, maana bata na ndege wengine wa majini huficha viota humo.

Iko sababu nyingine ya kuziogopa nyasi ndefu, nayo ni watoto wa paa wenyewe. Mama humficha mtoto wake majanini, humwacha peke yake kwa saa nyingi na kurudi kumnyonyesha tu, na mtoto hulala pale amejikunja, shingo ameilaza chini, bila kusogea hata ukimkaribia kiasi cha kumgusa. Hiyo ndiyo kinga yake pekee. Mbwa aliye huru, anayekwenda huku na huko akinusa, anaweza kumkanyaga kabla wewe hujajua kwamba yupo. Ukimwona siku moja, usimchukue ukidhani ametelekezwa. Vuta kamba, ondoka kimya kimya, mama yake hayuko mbali.

Kuhusu saa, nitakuomba jambo ambalo huenda likawa zito kwenu kwa kuwa mmezoea alfajiri. Alfajiri na magharibi ndizo saa ambazo paa, sungura na ndege wengi hutoka kula. Mmekuwa mkimwingiza Tomi mezani kwao wakati wa chakula. Sogezeni matembezi mpaka jua lipande kidogo, wanyama wakiwa wameshajificha kivulini, na mtashangaa jinsi Jumamosi zenu zitakavyokuwa na utulivu.

Sasa mafunzo, kwani swali lako la mwisho ndilo lenye matumaini. Nunua filimbi na kamba ndefu ya mazoezi ya mita kumi hivi, na uifunge kwenye mkanda wa kifuani, kamwe usiifunge kwenye ukanda wa shingo, kwa sababu mbwa akifyatuka na kufika mwisho wa kamba kwa kasi anaweza kuumia shingo vibaya. Anza mahali pasipo na mnyama wala kishawishi, hata uani. Piga filimbi mara mbili, fupi fupi, na hapo hapo mpe kitu anachokipenda kuliko vyote, kama kipande cha ini, ambacho hakipati kwa jambo lingine lolote. Fanya hivyo kwa siku nyingi kabla ya kuitumia kumwita. Kisha mwite akiwa karibu, halafu mbali kidogo, halafu mbali na harufu ngeni. Usirudie mlio huo kwa wito mmoja; asipokuja, mvute taratibu kwa kamba hadi akufikie na umlipe hata hivyo, maana filimbi inayopigwa mara tano bila kuitikiwa hugeuka kelele tu. Na hata akichelewa kiasi cha kukukasirisha, usimgombeze wala kumchapa anapofika. Yeye hataunganisha adhabu hiyo na kosa la dakika kumi zilizopita. Ataiunganisha na kurudi kwako.

Zoezi lenye faida kuliko yote kwa mbwa kama Tomi ni lile la kumtazama mnyama kisha kukutazama wewe. Simama mbali na bata, mbali kiasi kwamba Tomi anawaona lakini mwili wake haujakakamaa. Akiwatazama, ngoja. Akikugeukia, hata kwa kufumba na kufumbua, msifu na umlipe. Ukiona mkia umesimama na mguu umekunjwa, umekaribia mno. Rudi nyuma hatua kadhaa. Binti yako ataziona dalili hizo kabla yako, watoto wana macho ya haraka. Kazi hii ni ya miezi, haiishi kwa Jumamosi mbili, na sitakudanganya kwamba mwisho wake ni Tomi kutembea huru kati ya paa. Katika bustani yenye wanyama kama hiyo atabaki kwenye kamba. Faida ya mafunzo ni kwamba kamba ikikuponyoka siku moja, utakuwa na kitu cha kumrudisha.

Mume wako anauliza uhuru wa mbwa uko wapi, na swali hilo ni la haki. Mtafutieni uwanja uliozungushiwa uzio, usio na wanyamapori, akimbie mpaka achoke. Fungeni kitambaa kwenye kamba, na kamba kwenye fimbo ndefu, mkizungushe chini akikimbize na kukikamata. Hiyo ni njia ya kuipa silika yake ya kukimbiza mahali halali. Mwageni chakula chake nyasini uani akitafute kwa pua. Mbwa aliyetumia pua yake kwa nusu saa hulala kama aliyekimbia maili nyingi, na ningependa sana mume wako alijaribu hili yeye mwenyewe kwa mikono yake kabla hajaendelea kusema kwamba kamba ni mateso.

Ikitokea siku Tomi amekuponyoka, usimfuate mbio ukipiga kelele, kwani kwake itaonekana kwamba umeungana naye katika uwindaji. Akiwa bado karibu, piga filimbi na ukimbie upande wa pili. Akishatoweka, baki pale pale alipokuachia, maana mbwa wengi hurudi kwa harufu ya nyayo zao hadi walikoanzia. Kisha mwarifu mlinzi papo hapo, umwonyeshe mnyama alielekea wapi, ili watu na mbwa wengine wasipitishwe upande huo naye apate kutulia. Ukimya kwa saa zile ndiyo dawa pekee ambayo yeyote kati yetu anaweza kumpa.

Yapo mengine mafupi. Kinyesi kiokotwe hata kama kimeangukia kichakani, kwa kuwa hubeba minyoo na virusi vinavyowaambukiza wanyama wa mwituni. Chanjo za Tomi ziende na wakati: mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa, ambao ulihusishwa na mbwa wa kufugwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Na akipakwa dawa ya viroboto au kupe, asiingie bwawani kwa siku ambazo daktari wako atazitaja, kwa sababu dawa hizo huua wadudu wa majini ambao bata na samaki huwategemea.

Hao wenzako wanaofungua kamba wakishalipita lango usiwahubirie. Wasimulie tu kilichompata paa yule, kama ulivyonisimulia mimi, pamoja na mguu uliokunjwa hewani na mdomo usio na damu. Wengi wao, kama wewe wakati ule, wanaamini kwamba asiyeng'ata hadhuru. Ukitaka mfano mmoja zaidi wa kuwapa, wape wa msitu wa Waitangi huko New Zealand, ambako mwaka 1987 mbwa mmoja tu aliyekuwa akizurura aliua, katika muda wa majuma machache, zaidi ya nusu ya ndege aina ya kiwi waliokuwa wamefungwa vifaa vya redio vya kuwafuatilia, na watafiti wakakadiria kwamba jumla ya kiwi aliowaua msituni huenda ilifika 500. Alikuwa mbwa wa kufugwa, mwenye ukanda shingoni.

Kuhusu binti yako, mjibu leo, usingoje kesho. Mwambie Tomi si muuaji, kwa sababu hakujua na hawezi kujua kwamba mbio zake zinaweza kuua. Kisha mwambie upande wa pili pia, ambao ni mgumu zaidi kwako: kwamba kibao kilikuwepo, kwamba wewe ulikisoma, na kwamba aliyefungua kamba ni wewe. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuubeba ukweli huo akiusikia kutoka kwa mama yake kwa sauti ya utulivu. Asichoweza kukibeba ni ukimya wako wa kila usiku. Atalia labda. Mwache alie, ukae naye.

Jumamosi ijayo nendeni wote wanne, jua likiwa limeshapanda, na kabla ya matembezi mtafuteni yule mlinzi. Mwombeni radhi, kisha mwulizeni viota viko upande gani msimu huu na paa wanapumzika wapi mchana, ili mjue njia za kuepuka. Kamba mpe baba yake aishike. Filimbi mvishe binti yako shingoni.